Kilemba Chako na Misonobari ya Baba

Kijiji cha Tor Kamar,
Milima ya Suleiman,
Zhob.

Jumatano, 4 Oktoba 2023

Mpendwa mdogo wangu Zmarak,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepona, na lile lori lako la zege limetengenezwa kiyoyozi. Tunasikia joto la Sharjah mwaka huu limepita kiasi. Kila baada ya swala ya alasiri mama huniuliza kama huko kuna kivuli, nami humjibu kuwa kipo.

Sisi huku ni wazima. Mama hutembea bila fimbo asubuhi, na kwa fimbo jioni. Shemeji yako Shinkai anakusalimu. Binti yako Palwasha ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Mkeo Zartaja atakuandikia mwenyewe. Amesema ana yake ya kukwambia, na hataki yachanganywe na yangu.

Hizo ndizo salamu, na ni za kweli. Kuanzia hapa nina hasira, na ni afadhali ujue mapema ili uketi.

Sikukupigia simu kwa sababu simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Barua hii anakuletea Spin Gul, anayekuja huko kumwona mwanawe. Atarudi tarehe 17 mwezi huu. Jibu lako mpe yeye, kwa maandishi ya mkono wako. Nitakueleza jibu la nini, lakini kwanza nikusimulie yaliyotokea kwa tarehe zake, maana najua Baz Gul amekusimulia kwa namna yake.

Ijumaa ya tarehe 11 Agosti baraza lilikaa mbele ya msikiti kupanga siku ya kufungua mlima. Unalijua jambo hili tangu ukiwa mgongoni kwa mama: matunda ya misonobari yakianza kunenepa mlima hufungwa, na hakuna anayepanda na kiopoo wala gunia mpaka baraza liseme. Mwaka huu walisema Ijumaa ya tarehe 15 Septemba. Hapo Baz Gul, mtoto wa baba yetu mdogo, akainuka. Akasema fungu la ukoo wetu lifunguliwe tarehe 24 Agosti, wiki tatu kabla ya wote, apate kufika sokoni kabla bei haijashuka. Na akasema hataki watu wetu na viopoo vyao. Amepata genge kutoka bondeni, wenye mashoka, watakaomaliza kazi kwa siku nne.

Mlima wetu una mafungu matatu: langu, lako na lake. Wawili wakisema, wa tatu hunyamaza. Mimi nilikataa. Mzee Painda, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha baraza, akamwuliza Baz Gul, "Na Zmarak? Kilemba chake kiko wapi?"

Maana ndivyo ilivyo, na wewe unajua. Asiyekuwapo huacha kilemba nyumbani, na humtaja kwa kinywa chake mtu wa kukibeba. Kilemba huwekwa katikati ya duara, aliyekibeba huketi nyuma yake, na wazee humwuliza mpaka waridhike.

Baz Gul akacheka. "Mzee wangu, kilemba cha nini zama hizi? Mwenyewe huyu hapa." Akatoa simu mfukoni, akaiweka chini kwenye mkeka, akabonyeza. Sote tukasikia sauti yako, na nyuma yake kelele za mashine ya zege: "Baz Gul, fanya uonavyo bwana, mimi niko kazini."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Hata kikohozi ni chake!" Mwingine akaomba irudiwe, ikarudiwa mara tatu. Mzee Painda naye akatabasamu, akasema haya, sauti ni sauti. Jambo likapita.

Nimeandikia magazeti miaka thelathini na moja, na nimekaa kwenye mabaraza mengi kuliko ninayoweza kuyahesabu. Sikuwahi kuona kosa kubwa likipita kwa wepesi ule. Kilemba hakisemi, ndiyo maana aliyekibeba huulizwa. Kufanya nini? Lini? Kwa chombo gani? Alikwambia nini hasa, na wewe ulimjibu nini? Simu haikuulizwa swali hata moja. Ilisema maneno yake, ikarudishwa mfukoni.

Na kilemba chako kilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, kwenye sanduku la mama, kimekunjwa na majani ya mnanaa makavu ili nondo wasikile. Sikwenda kukichukua kwa sababu hukunituma. Hilo ni langu, na ninalibeba.

Najua alichokuuliza Baz Gul. Alikuuliza kama atashika nafasi yako kwenye mavuno. Hakukutajia tarehe wala mashoka, na wewe hukuuliza. Ulikuwa kazini. Wote tuko kazini, Zmarak.

Genge lilipanda Alhamisi ile ya tarehe 24, watu kumi na tisa. Nilipofika mteremko wa chini walikuwa wameshaanza. Hawakuleta kiopoo hata kimoja. Unakumbuka baba alivyotufundisha: unapaka mikono mafuta ya mkia wa kondoo utomvu usigande, unapanda, unaling'oa tunda moja moja kwa ndoano ya kiopoo, na tawi unaliacha mahali pake. Hawa walikuwa wanapanda na shoka, wanakata tawi zima, linaanguka, na wenzao wa chini wanachuma matunda kama watu wanaonyonyoa kuku.

Mnyapara wao akaniona. "Mzee, kaa kivulini, matawi yasikuangukie."

"Kivuli kipi? Si umekikata."

Baz Gul akaja, jasho linamtiririka, ndevu zimejaa utomvu. "Kaka, magazeti yamekufundisha kulia kabla ya msiba."

"Msiba wenyewe umeushika mkononi," nikamwambia.

Alikuwa ameshika tawi. Kwenye ncha yake palikuwa na matunda mawili makubwa ya kijani, na karibu nayo vitunda vitatu vidogo, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba. Kijana mmoja wa genge akavigusa, akachuma kimoja. "Hivi vidogo ni nini, mzee?"

"Mwakani," nikamwambia.

Hakuelewa. Nikamweleza kuwa tunda la msonobari wetu hukaa mtini miaka miwili. Hili kubwa ni la mwaka huu, haya madogo yamezaliwa masika iliyopita na ndiyo mavuno ya mwakani. Anayekata tawi anavuna mara moja na kuharibu mara mbili. Akakitazama kile kitunda, akamtazama mnyapara, akakitupa chini akarudi kazini. Simlaumu. Alikodiwa kukata, na mlima si wake.

Walimaliza kwa siku tatu badala ya nne. Baadaye nilihesabu, nikirudi mara mbili ili nisikosee. Mteremko wa chini una misonobari 212 iliyofikia umri wa kuzaa. Miti 131 imekatwa matawi ya kuzaa. Kumi na saba imeangushwa kabisa, mingine kwa sababu mkataji aliona uvivu kupanda, mingine kwa kuni za kupikia chai. Mmoja wa hiyo kumi na saba ni ule uliopinda, uliokuwa ukimfungia punda wako.

Na sasa nifike kwenye lililonifanya nikae chini kuandika. Tarehe 2 Septemba ulizungumza na mama. Alikueleza yaliyotokea. Wewe ukamwambia, "Mama, si miti tu? Matawi huota."

Mama alikata simu, akaja kwangu, akanirudia maneno yale bila kuongeza wala kupunguza. Nimeyabeba mwezi mzima nikitafuta namna ya kuyajibu bila matusi. Nitajaribu.

Matawi huota, ndiyo. Msonobari wetu ukiupanda leo, Palwasha atakuwa mama wa watoto ndipo utoe tunda la kwanza. Tawi lililokatwa kwenye shina haliwi tawi la kuzaa kesho wala mwaka wa kesho kutwa. Mingine miongoni mwa ile 131 haitazaa tena katika maisha yangu, na mimi si mzee sana.

Pia hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuipanda. Baba hakupanda, babu hakupanda. Hupanda yule ndege wa kahawia mwenye madoa meupe, anayechukua mbegu na kuzificha chini ya mawe kwa ajili ya baridi, kisha akasahau nyingine. Ndiyo sababu matunda ya kileleni hayaguswi. Ni fungu la ndege. Ulichapwa na baba kwa kukwea kulichuma fungu hilo ukiwa na miaka tisa, na mimi nilichapwa kwa kukushikia mti. Genge halikuacha fungu lolote. Tangu Septemba ianze nimepanda mteremko wa chini mara sita, na sijamsikia ndege huyo hata mara moja. Yuko ng'ambo, kwenye mlima wa akina Painda, anawapandia misonobari watu wengine.

Mbuzi-mwitu wa pembe za msokoto, waliokuwa wakishuka kujikinga upepo chini ya miti ile, nao hawajashuka. Sitasema wamehama. Nasema sijawaona, wala kinyesi chao sijakiona, na nimetafuta.

Tarehe 11 Septemba ilinyesha mvua ya saa moja na nusu. Haikuwa mvua kubwa. Mwaka jana tulipata kubwa kuliko hiyo mara tatu na mteremko haukusogea. Safari hii njia walizochimba kwa kuburuta matawi ziligeuka mifereji. Tope lilishuka mpaka kwenye bustani ya mama, likazika milozi minane hadi kiunoni mwa mtu. Minne tumeifukua. Mama mwenyewe alishika koleo, na nilipomkataza akaniambia, "Niache, wewe kazi yako kuandika."

Na alichovuna Baz Gul? Matunda ya Agosti, Zmarak! Alipeleka magunia kwa mnunuzi wa Zhob. Mnunuzi akachukua mbegu kumi mbele yake, akazipasua kwa meno moja baada ya nyingine, saba zilikuwa maganda matupu. Akamwambia, "Umeniletea mto wa kulalia?" Mji mzima unalisimulia. Baz Gul alirudi na magunia, akaja kumpa mama kikapu kimoja kama heshima ya fungu lako. Mama hakukipokea wala hakukirudisha. Kiko pale mlangoni, kuku wanakizunguka na hawali.

Ungedhani amejifunza. Amejifunza kwamba alivuna mapema mno. Hajajifunza kuhusu shoka. Wiki iliyopita alinijia kwa upole kabisa, na chai tulikunywa. "Kaka, nilikosea tarehe, nakiri. Mwakani tutangoja Septemba. Genge lile lile, mteremko wa juu."

"Kwa mashoka?"

"Sasa kaka, nani siku hizi anaopoa tunda moja moja kama mchumba anayechagua pete? Vijana wote wako Dubai."

"Na chemchemi?"

"Chemchemi iko kwenye jiwe. Jiwe halikatwi."

Simwiti mwizi. Alichokifanya alikifanya mchana, mbele ya watu, kwa ruhusa ya wengi. Ruhusa hiyo ilikuwa yako. Ndiyo maana barua hii inakuja Sharjah. Nyumbani kwake ni hatua arobaini kutoka kwangu, na huko sikuandika.

Mteremko wa juu ni kitu kingine, na unajua. Misonobari ile ndiyo inayoifunika theluji isiyeyuke kwa pupa. Inayeyuka kidogo kidogo mpaka mwezi wa tano, inazama kwenye mizizi, inatokea kwenye jiwe chini. Nyumba ishirini na sita zinakunywa hapo, pamoja na ya mkeo. Ijumaa iliyopita nilipima: ndoo ya lita ishirini hujaa kwa dakika mbili na sekunde kumi. Nimekiandika kipimo hicho na tarehe yake ukutani, kwa mkaa, juu ya kitanda cha mama. Kama mashoka yatapanda juu mwakani, nitapima tena, na nitakutumia tofauti.

Baraza linakaa tena Ijumaa ya tarehe 20 Oktoba. Nimeomba mlima wa ukoo wetu upumzishwe miaka mitatu, chini na juu, bila kiopoo wala shoka, na matunda yote yawe fungu la ndege. Baz Gul ameomba mteremko wa juu. Langu ni moja, lake ni moja. La tatu ni lako.

Mzee Painda amekiri mbele yangu kuwa simu ile haikustahili kuwekwa kwenye mkeka. "Tulichekeshwa, mwanangu," aliniambia, "na mtu anayecheka haulizi." Safari hii anataka kilemba, na jina la aliyekibeba, na maneno yenyewe, nao watamwuliza.

Basi niandikie nani abebe kilemba chako. Ukitaka awe Baz Gul, andika Baz Gul. Nitakifungua sanduku mimi mwenyewe, nitamkabidhi kwa mikono miwili, nitakaa kwenye duara nishindwe kwa haki. Nitakasirika mpaka siku yangu ya mwisho, lakini itakuwa ni wewe uliyesema. Ukitaka niwe mimi, andika hivyo, na uandike unachotaka kiulizwe na unachotaka kijibiwe. Usiniandikie "fanya uonavyo." Neno hilo nikilisoma tena nitaichana karatasi mbele ya Spin Gul.

Ningeweza kukichukua kile kilemba sasa hivi. Mama amelala kidogo, ufunguo uko shingoni mwake kwa uzi mwekundu, na akiamka angenipa bila kuuliza. Ningekiweka kwenye mkeka tarehe 20, niseme umenituma, na hakuna mtu Tor Kamar ambaye angenishuku. Miti ingesalimika. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko ningependa kukiri. Sitalifanya. Tayari mtu mmoja mwaka huu amekusemea usichokisema, na umeona kilichofuata.

Kwa hiyo jibu lisipofika tarehe 17, kilemba kitabaki sandukuni. Mzee Painda atauliza kiko wapi. Nitamjibu kuwa kipo, kimekunjwa vizuri, ila mwenyewe yuko kazini. Fungu lisilo na msemaji huwekwa kando, kura zitakuwa moja yangu na moja yake, na kura zikilingana hufuatwa desturi ya mwaka uliotangulia. Mwaka uliotangulia ni shoka.

Mama nimemwuliza kama ana neno. Alikuwa anapepeta ngano na hakuacha. "Mwambie nilimnyonyesha miaka miwili kwa maziwa, na baridi tatu nilimtafunia chilghoza, mbegu za misonobari hii, nikamtia kinywani kwa ulimi wangu, kwa kuwa hakuwa na meno. Leo kapata meno, anaanza kwa kutafuna mti." Kisha akapepeta kidogo, akasema nisiyaandike hayo. Halafu akasema niyaandike.

Ndani ya bahasha hii utakuta kitunda kimoja, kimefungwa kwenye kitambaa. Ni kile alichokitupa yule kijana. Nilikiokota. Kilikuwa cha kijani, sasa kimekauka, lakini magamba yake unaweza kuyahesabu. Usikitupe wala usikipeleke kuwaonyesha wenzako kama kitu cha nyumbani. Kiweke kwenye lori, pale unapoweka simu, mpaka utakapokuwa umeandika.

Shinkai anakusalimu tena. Shangazi Nazpari anasema deni lake kwako ni pilau, na atalilipa ukifika kwa miguu yako. Mzee Painda anakusalimu, na ameniambia nisimtaje kwa ubaya, nimejaribu. Palwasha anauliza kama huko ndege wapo. Mpe Spin Gul chai kabla hajafungua mzigo, na unisalimie watu wote wa Zhob unaokaa nao chumba kimoja. Hata Baz Gul anakusalimu. Alinipa salamu hizo mlangoni pake akijua ninachokuandikia, na nimezifikisha kama zilivyo.

Mwenyezi Mungu akulinde na joto na magurudumu, akurudishe ukiwa na magoti ya kupanda mlima, na ukifika juu ukute bado kuna kitu kinachoweza kusahauliwa na ndege.

Kaka yako akupendaye, na anayengoja tarehe 17,
Pasand Khan